Bustani za Andalusi: Kazi za Mwisho wa Kharifu na Elimu Iliyokaribia Kupotea



Ndugu wazazi na wanafunzi, tunapoisomesha historia ya Andalusi katika madrasa zetu, mara nyingi tunataja mambo matatu: Tariq bin Ziyad kuvuka bahari mwaka 711, Msikiti Mkuu wa Qurtuba, na kuanguka kwa Granada mwaka 1492. Yote hayo ni kweli na ni wajibu mtoto ayajue. Lakini baina ya mwaka 711 na mwaka 1492 kuna miaka karibu 800, na katika miaka yote hiyo watu walikuwa wakila, wakivaa na kulisha wanyama wao. Nani alilima? Alijuaje siku ya kupanda na siku ya kuvuna? Elimu yake aliiandika wapi, na ilikwenda wapi baada yake?

Katika makala hii tutatazama kipindi kimoja tu cha mwaka wao, yaani mwisho wa kharifu. Kharifu ni msimu ule ambao katika nchi za kaskazini majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, kuanzia Septemba mpaka Disemba. Kwa kuzitazama kazi za bustani za wiki chache hizo, tutaona mambo mengi kuhusu wale watu, inshaallah.

MWAKA UNAOANZA PALE WENGINE WANAPOFUNGA

Katika nchi za baridi kali kama Uingereza, mwisho wa kharifu ni wakati wa kufunga bustani. Watu hufagia majani, hukata nyasi za uwanjani mara ya mwisho, huingiza ndani vyungu vya maua, kisha hungoja mpaka Machi.

Kusini mwa Hispania mambo ni tofauti. Huko kiangazi ni kikavu na chenye joto kali, na mvua huja na baridi. Kuanzia Juni mpaka Agosti ardhi hukauka na kupasuka, na kisichomwagiliwa hufa. Mvua za kwanza hurudi mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Kwa hiyo kwa mkulima wa Qurtuba au Ishbiliya (mji unaoitwa leo Sevilla), kharifu ndiyo ilikuwa mlango wa mwaka wa kilimo. Sisi tunaoijua mvua ya vuli tunaweza kumwelewa vizuri. Mtu anayeangalia mawingu mwezi wa Oktoba huku mbegu ziko tayari ndani ya kibuyu hana haja ya kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana pia bustani ya Andalusi haikujengwa juu ya uwanja wa nyasi. Nyasi za kijani mwaka mzima ni neema ya nchi ya mvua za mara kwa mara. Huko kila ndoo ya maji ilikuwa na hesabu yake, na ilipelekwa kwenye mti wa matunda, mboga, au ua lenye harufu nzuri.

MWEZI KWA IBADA, JUA KWA SHAMBA

Hapa wanafunzi huwa na swali zuri: je, Waislamu hao walilima kwa miezi gani? Muharram, Safar na Rabi' al-Awwal?

Jibu ni hapana. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Kila mwaka miezi yetu hurudi nyuma, na katika miaka kama 33 huwa imezunguka misimu yote. Ndiyo hekima tunayoiona katika Ramadhani, kwamba kila mtu katika umri wake huifunga wakati wa joto na wakati wa baridi. Kwa hesabu ya wanafalaki, mwaka 2030 utaona mwanzo wa Ramadhani mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Mkulima akisema atapanda ngano kila Muharram, baada ya miaka michache atajikuta anapanda kwenye vumbi.

Basi watu wa Andalusi walitumia hesabu mbili. Saumu, hija na zaka zilikwenda kwa mwezi. Shamba lilikwenda kwa jua, na kwa ajili hiyo waliichukua miezi ya Kirumi waliyoikuta katika nchi: yanayir, fibrayir, mars, mpaka uktubar, nuwanbir na dujanbir. Hawakuona kwamba imani yao imepungua. Qur'ani yenyewe, katika Sura Yunus aya ya 5, imelitaja jua pamoja na mwezi na vituo vyake, na ikataja kuijua idadi ya miaka na hesabu.

Pwani ya Afrika Mashariki wazee wetu walifanya jambo lilelile. Waliufuata mwandamo kwa ibada, na kwa mashamba na safari za baharini waliuhesabu mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, wakizigawa siku hizo katika miongo, yaani makumi. Sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika Makunduchi, Unguja, kila Julai ni athari ya mwaka huo wa jua. Neno Nairuzi limetoka kwa Waajemi. Hesabu ya mashamba, basi, ilipita kwenye mikono ya watu wengi.

VITABU NA WALIOVIANDIKA

Mnamo mwaka 961, mwaka ambao al-Hakam wa Pili alishika ukhalifa wa Qurtuba, iliandikwa kalenda mashuhuri iitwayo leo Kalenda ya Qurtuba. Mwezi baada ya mwezi inaeleza urefu wa mchana na usiku, nyota zinazochomoza, hali ya hewa, afya ya mwili na kazi za mashamba. Inahusishwa na watu wawili: Arib bin Sa'd, Muislamu, mwanahistoria na tabibu, na Rabi' bin Zayd, askofu wa Kikristo ambaye pia aliitwa Recemund, na aliyewahi kutumwa na Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu kuwa balozi wake kwa mfalme Otto wa Ujerumani. Sikukuu za Wakristo zimo ndani yake, na tarehe za kuvuna zimo pia. Mvua haikuuliza dini ya mwenye shamba.

Karne moja baadaye, Tulaytula (Toledo), aliishi Ibn Bassal, aliyesimamia bustani ya mtawala al-Ma'mun. Ibn Bassal alikuwa amehiji, na safarini aliona mashamba ya nchi nyingine. Kitabu chake kinaeleza aina 10 za udongo, na sifa ya kila aina katika joto na baridi, katika unyevu na ukavu. Mwaka 1085 mji wa Tulaytula ulipochukuliwa na mfalme Alfonso wa Sita, Ibn Bassal alihamia Ishbiliya na kuendelea na kazi yake huko katika bustani za mtawala al-Mu'tamid. Alipoteza mji, lakini elimu yake aliondoka nayo.

Kisha katika karne ya 12 akaja Ibn al-Awwam wa Ishbiliya, mwandishi wa Kitab al-Filaha, yaani Kitabu cha Kilimo. Ni kitabu kikubwa chenye sura zaidi ya 30: udongo, samadi, maji, kupanda miti, kubebesha miche, kupogoa, magonjwa ya mimea, nafaka, mboga, ng'ombe, farasi, kuku na nyuki. Mimea inayotajwa humo ni zaidi ya 500. Yeye mwenyewe alifanya majaribio katika vilima vya ash-Sharaf, karibu na Ishbiliya, vilivyosifika kwa zeituni. Alieleza wazi kwamba maoni yake mwenyewe hakuyatia kitabuni ila baada ya kuyajaribu mara nyingi.

Ndugu zangu, hili la kujaribu lina asili katika mafunzo tuliyopewa. Katika Sahih Muslim kuna kisa cha watu wa Madina na uchavushaji wa mitende. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaachia jambo hilo kwa kuwa wao ndio wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Mkulima wa ash-Sharaf alikuwa anatembea katika njia hiyo.

KAZI ZA MWISHO WA KHARIFU

Sasa tuziangalie kazi zenyewe, kama zilivyokuwa zikifanywa kusini mwa Hispania kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Disemba. Nyingi hufanywa huko mpaka leo.

1. Kulima na kupanda nafaka. Ardhi iliyokaushwa na kiangazi ni ngumu kama tofali. Walingoja mvua ya kwanza iilainishe, kisha wakalima na kupanda ngano na shayiri. Anayelima ikiwa kavu huvunja jembe, na anayelima ikiwa tope hupata mabonge yasiyovunjika.

2. Kutia samadi. Waandishi wale waliandika kurasa nyingi juu ya samadi. Kanuni kubwa ilikuwa kwamba samadi ioze kwanza, kwani iliyo mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu. Kinyesi cha njiwa walikiona kuwa na nguvu sana, hivyo kilitumiwa kwa kipimo kidogo. Majani yaliyopukutika nayo hayakuwa taka, kwa sababu yakirundikwa na kuachwa yanageuka mboji.

3. Kuvuna zafarani. Ua la zafarani hutoka mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, kwa siku chache tu. Huchumwa alfajiri kabla jua halijalinyausha, na katika kila ua hutolewa nyuzi tatu nyekundu. Ili kupata gramu moja ya zafarani kavu huhitajika maua takriban 150. Kazi hiyo ilikuwa, na bado ni, ya familia nzima kukaa mezani pamoja, wakubwa kwa wadogo.

4. Kuchuma zeituni. Za kijani huchumwa mapema kwa ajili ya kutiwa chumvi. Zile za mafuta huachwa zigeuke rangi, na uchumaji wake huendelea kuanzia Novemba mpaka Januari.

5. Kuhamisha miti. Mitini, mikomamanga na mizabibu hupukutisha majani na "kulala" wakati wa baridi. Huo ndio wakati wa kung'oa mche kitaluni na kuupanda mahali pake pa kudumu, maana mti uliolala haushtuki sana, na mvua za miezi inayofuata huufanya ushike mizizi kabla ya joto.

6. Kuikinga mimea ya joto na ya chunguni. Madanzi, utruji (limau lile kubwa lenye ganda nene) na asumini si mimea ya asili ya Ulaya. Baridi ya usiku ikigandisha umande, mimea hiyo huungua majani. Kwa hiyo ilipandwa penye ukuta wa kuikinga na upepo wa kaskazini, na iliyokuwa kwenye vyungu ilisogezwa mahali pa kujisitiri. Mabwana kilimo wa Andalusi walijua faida ya kuotesha mbegu laini ndani ya chungu, kwamba mche unaweza kuhamishwa bila kuumizwa. Na yeyote anayefuga maua ndani ya nyumba katika nchi ya baridi ajue hili: mmea uliopumzika haunywi kama unaokua. Maji mengi wakati wa baridi huozesha mizizi, na maua mengi ya ndani hufa kwa huruma ya mwenyewe.

7. Kuhifadhi matunda. Ibn al-Awwam ameweka sura nzima juu ya kuhifadhi matunda na nafaka. Tini na zabibu zilikaushwa, na matunda mengine yaliwekwa mahali pakavu penye baridi. Tunda moja lililooza ghalani huozesha wenzake, kwa hiyo ghala lilihitaji kukaguliwa mara kwa mara.

Ukizitazama kazi hizi saba utaona kwamba hakuna hata moja ya miujiza. Ni subira, usafi, kuangalia na kufanya kwa wakati.

TUSIJISIFU KUPITA KIASI

Hapa nataka niseme na wanafunzi hasa. Zipo makala nyingi zinazosema kwamba Waislamu ndio waliovumbua kila kitu, na kwamba kabla yao Hispania ilikuwa jangwa. Maneno hayo yanatufurahisha, lakini si kweli. Zeituni, ngano na zabibu zililimwa Hispania tangu enzi za Warumi, na mifereji ya maji ilikuwepo. Ibn al-Awwam mwenyewe hakuficha. Alinukuu wataalamu wa Kiyunani waliofasiriwa kwa Kiarabu, na alitegemea sana kitabu cha Kilimo cha Wanabati cha Ibn Wahshiyya wa Iraq, kisha akawataja Waandalusi waliomtangulia. Kila mtu alimpa haki yake.

Wanahistoria wa siku hizi nao wanajadiliana. Mwaka 1974 Andrew Watson aliandika kwamba yalitokea "mapinduzi ya kilimo" katika ulimwengu wa Kiislamu, kwa kuenezwa mimea mipya kama miwa, mpunga, pamba, madanzi na mabiringani. Wengine, kama Michael Decker mwaka 2009, wamejibu kwamba baadhi ya mimea hiyo ilijulikana Bahari ya Kati kabla ya Uislamu. Mjadala huo hautupunguzii kitu. Heshima ya watu wa Andalusi imo katika kukusanya, kujaribu, kusahihisha na kuandika, na hiyo inatosha.

KILICHOPOTEA NA KILICHOBAKI

Qurtuba ilichukuliwa mwaka 1236, Ishbiliya mwaka 1248, Granada mwaka 1492. Miaka michache baadaye, kwa amri ya Kadinali Cisneros, vitabu vya Kiarabu vilichomwa hadharani Granada, na inasimuliwa kwamba baadhi ya vitabu vya tiba viliachwa. Mwaka 1567 Mfalme Philip wa Pili alipiga marufuku lugha ya Kiarabu na mavazi ya Wamorisko, yaani wale Waislamu waliolazimishwa kubatizwa. Kisha kuanzia mwaka 1609 mpaka 1614 Wamorisko wapatao 300,000 walifukuzwa nchini. Katika ufalme wa Valencia walikuwa karibu theluthi ya watu wote, na wengi wao walikuwa wakulima. Vijiji vilibaki vitupu. Ardhi ilikuwepo, mifereji ilikuwepo, miti ilikuwepo. Waliojua siku ya kufungua maji na siku ya kuyafunga hawakuwepo.

Ndugu msomaji, hili ndilo jambo kubwa katika historia hii. Mti ukiachwa hufa polepole, lakini elimu ya kuutunza hufa kwa kizazi kimoja. Chukua mfano wa zafarani. Ua lake halitoi mbegu, na huzaana kwa vitunguu vyake vya ardhini tu, ambavyo lazima mtu avichimbue, avigawe na avipande tena. Mikono ikikoma, zafarani imekoma. Kama inavunwa Hispania leo, ni kwa sababu kuna waliopokeana vitunguu hivyo mkono kwa mkono.

Alhamdulillah, si yote yaliyopotea. Mwaka 1802 kasisi wa Kihispania, José Antonio Banqueri, alikichapisha Kitab al-Filaha mjini Madrid, Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kihispania, kwa sababu watu wa serikali waliamini kwamba bado kina faida kwa wakulima wao. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka kati ya 1864 na 1867. Karibu miaka 200 baada ya kuwafukuza wenye elimu, walirudi kuitafuta kitabuni.

Maji nayo bado yanasimulia. Mjini Valencia liko Baraza la Maji ambalo hukutana kila Alhamisi adhuhuri kwenye mlango wa kanisa kuu, wakulima wakihukumiana kwa mdomo juu ya ugomvi wa mifereji. Wenyeji husema asili yake ni enzi za makhalifa, ingawa wanahistoria hawakubaliani wote juu ya tarehe. UNESCO iliuweka utaratibu huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009.

Na lugha inasimulia zaidi. Mtoto wa Kiswahili akienda sokoni Hispania atasikia maneno ya jamaa zake. Sukari ni azúcar. Zafarani ni azafrán. Zeituni ni aceituna. Limau ni limón. Asumini ni jazmín. Birika la maji, kama lile la kutawadhia katika misikiti yetu ya zamani, ni alberca. Kiarabu kilikwenda magharibi na kusini, na sehemu zote mbili kiliacha majina ya vitu vya bustani na jikoni.

TUFANYE NINI MAJUMBANI?

Watoto wetu wengi sasa wanakaa mijini, na bibi na babu wako mbali. Yule bibi anayejua kwamba mti fulani ukichanua mvua iko karibu, yule babu anayejua udongo gani unafaa mihogo na upi unafaa maharage, hakuandika popote. Hakuna aliyemfukuza wala kuchoma kitabu chake, lakini siku akiondoka elimu yake nayo imeondoka.

Basi ninazo nasaha tatu kwa familia.

Kwanza, kila nyumba iwe na daftari la mwaka wa jua. Mtoto aandike siku ya mvua ya kwanza, siku mti ulipochanua, siku walipopanda na siku walipovuna. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuwa kalenda ya nyumba yenu, inayosema kweli kuhusu udongo wenu.

Pili, mtakapokwenda likizo kijijini, mtoto apewe maswali kumi ya kumuuliza mzee juu ya kilimo, na majibu aandike kwa jina la mzee huyo, kama Ibn al-Awwam alivyowataja waliomtangulia. Hiyo ni amana.

Tatu, apande kitu. Hata kama mnakaa chumba kimoja cha kupanga, chungu kimoja cha mrehani dirishani kinatosha. Tunajua kutokana na hadithi sahihi kwamba anayepanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Na anayejifunza kutomwagia maji mengi mmea uliopumzika amejifunza kitu cha subira pia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliolima wakaandika, na atujaalie nasi tuwaachie watoto wetu mti na elimu ya kuutunza. Amin.